Hema Lililoshonwa kwa Vipimo

Waliokwenda bwawani pamoja ni hawa: Fundi, mshona nguo, mwenye hema; Shangazi, dada yake mkubwa, aliyekuja kusimamia mambo ambayo hakuna aliyemwomba asimamie; Nahodha, binti wa Fundi, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukaa nyuma ya mashua na kuiongoza; Ramani, mume wa Nahodha, ambaye hakuwahi kwenda popote, hata kutupa taka, bila kujua kwanza kaskazini iko upande gani; na Mpima Macho, mgeni. Msafara huo haukuwa na mwingine, isipokuwa kama mtu angelihesabu hema. Familia ile ililihesabu.

Mpima Macho alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu kupita kawaida, mwenye kazi yake katika chumba chembamba nyuma ya duka la miwani. Humo aliwakalisha watu kwenye kiti cha chuma na kuwauliza ni lenzi ipi iliyo afadhali, hii au hii. Fundi aliingia humo mara ya kwanza akiwa na malalamiko, si ugonjwa. Alidai kwamba viwanda vya sindano vimeanza kubana matundu. Mpima Macho alimsikiliza mpaka mwisho, akampima, akampa miwani, na matundu ya sindano yakarudi kuwa kama zamani. Baada ya siku chache Fundi alirudi kusema miwani inabana. Kisha akarudi kusema inapwaya. Kisha akarudi bila neno lolote kuhusu miwani, akakaa kwenye kiti cha chuma, na alipoulizwa kinachomsumbua akajibu kwamba yeye ni mgane, ana cherehani mbili na hema moja, na angependa kuoa.

Mpima Macho hakukataa wala hakukubali. Aliomba muda wa kufikiri.

"Basi njoo nasi bwawani," Fundi alimwambia. "Kila mwaka tunakwenda. Utuone tukiwa na matope, tukiwa na njaa, tukigombania makasia. Tukirudi ndipo unijibu."

Lilikuwa pendekezo la haki. Kasoro yake ni kwamba Fundi alimdokezea dada yake, na kumdokezea Shangazi jambo ni sawa na kulibandika ukutani sokoni. Kwa hiyo asubuhi ile, walipojibana katika gari la mizigo la Fundi na kuteremka barabara ya vumbi kuelekea bwawani, wote walijua kwamba mgeni amebeba jibu, na wote walimtazama kwa jicho la pembeni, kama watu wanavyotazama sufuria ya maziwa iliyo jikoni.

Mpima Macho hakumwogopa Fundi. Fundi alikuwa mtu mwema, mwenye utani na vidole visivyotulia. Alichokiogopa ni kitu kingine, na alikijua kwa jina lake: neno "jikunje." Tangu utoto wake, kila mahali alipokaribishwa palikuwa pamekwisha kupimwa kwa ajili ya mtu mwingine. Shuleni dawati liligusa magoti yake. Kwa dada yake, alikoishi miaka mingi, alilala kwenye kochi la sebuleni, na kila usiku dada alipita na taa akisema kwa upendo wote, "Jikunje kidogo tu, utaenea." Hatimaye alipopata chumba chake mwenyewe alinunua kitanda kirefu kuliko vyote dukani, akalala juu yake amenyooka kama rula, akaapa kwamba hatajikunja tena kwa ajili ya mtu yeyote. Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani. Alitaka mume. Kujikunja hakutaka.

Walifika jua likiwa bado halijakaza. Bwawa lilikuwa limetulia, kijani kibichi, likianzia kwenye ukuta mkubwa wa zege upande mmoja na kupotelea upande wa pili katikati ya majabali, pale ambapo mto ulitoka ndani ya korongo. Mwaka ule maji yalikuwa yamepungua, na ufuo ulikuwa mpana, wenye udongo uliopasuka vipande vipande. Ramani alifungua ramani yake juu ya boneti ya gari, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kwa mujibu wa hii," alisema, "hapa tuliposimama tumo majini."

"Basi ogelea, mwanangu," Shangazi alimwambia, "sisi wengine tunashusha mizigo."

Hema lilishushwa mwisho, likiwa limekunjwa kama suti, na hapo inafaa lielezwe. Fundi alilishona kwa turubai nene la rangi ya majani makavu, zamani, binti yake alipokuwa mtoto. Fundi hakujua kushona kitu kisichokuwa na vipimo vya mtu. Kwa hiyo hakushona hema kama wanavyoshona wenzake, yaani kitu cha kuingiwa na yeyote. Alimlaza kila mmoja wa familia sakafuni, akampima kwa futi toka utosini hadi kisiginoni, akamwongezea nafasi ya kupumua, akamkatia mahali pake. Upande wa bwawa walilala wanawake, upande wa korongo wanaume, na katikati lilining'inia pazia. Vichwa vilielekea kwenye pazia, na miguu ikaelekea nje. Kwa kuwa hakuna watu wawili wenye kimo kimoja, pindo la hema halikuwa mstari. Lilitoka hapa, likaingia pale, kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Na kwa kuwa Fundi hakuamini zipu, hema zima lilifungwa kwa vifungo, vile vikubwa vya makoti.

Wapiga kambi wengine walikuwa na mahema mepesi ya rangi za kung'aa, yaliyojikunjua yenyewe yakirushwa tu hewani. Mmoja wao, kijana mwenye fulana isiyo na mikono, alisimama na kikombe chake akilitazama hema la Fundi likisimamishwa.

"Mzee, samahani," aliuliza kwa adabu. "Hilo ni koti la tembo?"

"Ni hema," Fundi alijibu. "Tembo alikuja kulichukua, nikamwambia arudi Jumatatu."

Siku ile Fundi alifanya mambo mawili ambayo hayakuwa desturi yake. La kwanza, alikataa kusaidiwa. Alipigilia vigingi vyote mwenyewe, na Ramani alipotaka kuzunguka upande wa wanaume akamzuia kwa nyundo iliyoinuliwa, akisema huko kuna siafu. La pili lilihusu ndoo. Walikuja na ndoo mbili za plastiki, ndogo na kubwa, na Shangazi alipoichukua ile kubwa ili akachote maji ya kupikia, Fundi aliikimbilia kana kwamba ni mtoto anayekaribia moto.

"Hiyo hapana, dada. Chota na hii ndogo."

"Nitakwenda mara ngapi na hii ndogo?"

"Kutembea ni afya."

"Na hiyo kubwa ni ya nini? Umekuja nayo kuiangalia?"

"Ina kazi yake," alisema Fundi, akaiingiza ndani ya hema na kufunga vifungo.

Shangazi alimgeukia Mpima Macho. "Wifi, umeona? Mimi ni dada yake, natakiwa kumsifu mbele yako. Lakini nisije nikalaumiwa baadaye kwamba nilikuficha. Huyu mtu ana mapenzi na ndoo."

"Bado hajawa wifi yako," Nahodha alisema kutoka kwenye mizigo, bila ukali, lakini pia bila kuinua kichwa.

Walikodi mashua ya makasia kwa mlinzi wa gati, wakavaa majaketi ya kuelea, wakaanza safari ya kuingia korongoni. Fundi na Ramani walipiga makasia. Nahodha alikaa nyuma na kasia lake la kuongozea, akitoa amri. Shangazi alikaa katikati kama mzigo wa thamani, na Mpima Macho akawekwa mbele, ambako magoti yake yalipata pa kwenda.

Majabali yalikaribiana polepole. Kwanza yalikuwa mbali, kila upande, kama watu wasiofahamiana. Kisha yakasogea, yakapanda juu, mpaka anga likabaki utepe. Mawe yalikuwa na mistari, mwekundu, wa kijivu, mwekundu tena, kama marobota ya vitambaa yaliyopangwa dukani, na Fundi aliacha kasia ili aionyeshe.

"Tazameni mpangilio huo. Hakuna aliyeupima."

"Baba, kasia," alisema Nahodha. "Tunageuka."

"Dunia nzima nageuzwa na wanawake watatu."

"Wawili," alisema Shangazi. "Mmoja hajajibu." Kisha akafunika kinywa na kuangalia maji, akijifanya ameona samaki.

Ndani ya korongo kulikuwa na mwangwi. Shangazi aliusalimia kwa sauti, mwangwi ukamrudishia salamu ileile, akaurudia, ukamrudia, akasema ni mwangwi usio na malezi, mtu mzima anakusalimia nawe unamrudishia salamu yake badala ya kuitikia. Wakati bado anaukemea, upepo ulioshuka korongoni ukaing'oa kofia yake ya ukindu na kuitua juu ya kijukwaa cha mwamba, juu ya vichwa vyao.

Ramani alitoa ramani. "Kuna njia ya watembea kwa miguu inayopita juu hapa. Tukirudi gatini, tukizunguka kwa nyuma..."

Mpima Macho alisimama mbele ya mashua, akanyoosha mkono, akaichukua kofia, akakaa.

Ramani aliikunja ramani yake.

"Wifi," Shangazi alisema, akiivaa kofia yake, "kuanzia leo kabati langu la juu ni lako."

Wote walicheka, na Mpima Macho naye akacheka, kwa kuwa utani ule haukuwa na mwiba. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amemkazia macho juu ya miwani, kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha akahesabu kitu kwa vidole na kuonekana kuridhika. Alipogundua kwamba ameonekana, akashika kasia lake kwa bidii kubwa na kumrushia maji Ramani.

Mwisho wa korongo palikuwa na dimbwi pana chini ya maporomoko madogo, ambapo familia ile iliogelea kila mwaka. Fundi na Ramani walijitupa majini kwa kelele. Shangazi aliloweka vifundo vya miguu na kutangaza kwamba ameoga. Nahodha akaja kukaa kwenye jabali tambarare karibu na mgeni, miguu ikining'inia majini, na kwa muda akawa anachuma majani ya pembeni na kuyaachia yaende na mkondo.

"Daktari," alianza, kwa kuwa hakuwa amepata jina jingine la kumwita, "kuna jambo ni vizuri ulijue kabla hujaingia hemani leo."

"Nakusikiliza."

"Mahali pako ni pale pa mama. Katikati yangu na shangazi."

"Nilidhani hivyo."

"Mama alikuwa mfupi. Mfupi kweli. Akisimama nyuma ya cherehani, wateja walimwomba asijisumbue kusimama." Alitabasamu kidogo, na Mpima Macho naye. "Sasa baba alitaka kulifumua hema mwaka huu, akuandalie nafasi. Mimi nikamwambia asithubutu kukata kipande cha mama. Tuligombana kidogo. Siku mbili hatukuzungumza, tulikuwa tunapitishiana chumvi kupitia kwa mume wangu. Kisha akasema sawa, hatakikata." Alitupa jani lingine. "Sikwambii kwa ubaya. Nakwambia usije ukashtuka. Ni usiku mmoja. Ukijikunja kidogo tu, utaenea."

Mpima Macho aliyatazama maji. Binti yule hakuwa na kosa. Alikuwa amezungumza kwa upole, tena kwa ukweli, na alikuwa na haki ya kukitunza kipande cha mama yake. Hapo ndipo palipouma zaidi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Palikuwa na mahali palipokatwa kwa vipimo vya mtu mwingine, na yeye amekaribishwa tena aingie kwa kukunja magoti. Usiku mmoja hauna neno. Lakini kwenye ndoa, alijiambia, usiku haupungui, unaongezeka.

Waliporudi, makasia yakigonga maji na jua likiwa limeshuka hadi ukingo wa korongo, jibu lilikuwa limekwisha kuiva. Lilikuwa hapana. Aliligeuza kinywani kutafuta namna ya kulisema bila kumwumiza mtu, na njia nzima hakuipata.

Jioni walikaa kuzunguka moto. Ramani alieleza kwa kirefu mahali ambapo wangekuwa kama wangemfuata yeye. Shangazi alimwuliza kama ramani yake inaonyesha mahali mtu anapoweza kupata kimya. Mpima Macho alingoja Fundi alipoinuka kupeleka vyombo, akamfuata mpaka kwenye gari.

"Fundi. Kuhusu lile jibu."

"Jibu ni la tukirudi."

"Ninalo tayari."

Fundi alimtazama usoni. Alikuwa mtu aliyezoea kusoma sura za wateja wanaojitazama kwenye kioo, na huenda alisoma kitu, kwa kuwa utani ulimtoka kidogo. Kisha ukarudi.

"Liache lilale," alisema. "Mimi nimewahi kukata koti kwa haraka, nikalimaliza kabla ya jua kuzama, nikajisifu. Asubuhi naliangalia, mikono yote miwili iko kushoto. Usinikatie jibu jioni, tafadhali. Nikatie asubuhi. Likiwa lilelile, nitalivaa."

Aliomba vizuri kiasi kwamba hakuweza kukataliwa. Mpima Macho akaitikia.

Fundi aliaga kabla ya wengine wote, akawasha tochi, akaelekea upande wa wanaume. Katikati ya njia akarudi, akaingia upande wa wanawake kwa kuomba radhi, akatoka na ndoo kubwa.

"Unakwenda na ndoo kitandani?" Shangazi alipaza sauti.

"Ni mambo ya wanaume, dada."

Ramani, ambaye naye alikuwa mwanamume, aliinua kichwa. "Mambo gani, baba?"

"Utakua, utayajua."

Baada ya muda wanawake nao waliingia. Shangazi alijilaza mahali pake, papana, akaanza kukoroma katikati ya sentensi. Nahodha aligeukia turubai. Mpima Macho alilala chali kati yao, kichwa kikielekea pazia, magoti akiyapandisha kama alivyozoea. Baada ya kusikia pumzi za Nahodha zimetulia, aliteremsha mguu mmoja taratibu, kama mtu anayepima kina cha maji, akingoja kugusa mwisho.

Hakugusa. Akateremsha na wa pili. Akajinyoosha wote, na bado mwisho haukuwepo.

Aliinuka kwa kiwiko na kupapasa turubai hadi chini kidogo ya magoti. Pale palikuwa na mshono. Uzi wake ulikuwa mgumu, mpya, tofauti na nyuzi nyingine za hema, zilizolainika kwa miaka na mvua. Upande wa huku ilikuwa ni turubai. Upande wa kule ilikuwa pia turubai, kuukuu vilevile. Mtu alikuwa amefumua pindo na kuunga. Mpima Macho alijilaza tena akiwa amenyooka, na lile hapana, lililokuwa limekaa vizuri mchana kutwa, likaanza kumpwaya. Lakini hakutaka kudanganywa na kipande cha nguo. Huenda, alijiambia, Fundi alikuwa na masalio dukani. Kwa mshona nguo, kuunga kipande ni adabu tu, kama mwingine anavyoongeza kiti.

Aliamshwa na mvua. Kulikuwa kumepambazuka, na matone yalianguka juu ya turubai kwa sauti nene, ya chini. Lakini kutoka mahali fulani upande wa pili wa pazia ilitoka sauti nyingine, kavu, ya haraka, kama mtu apigaye meza kwa vidole.

"Nani anapiga ngoma?" alisema Shangazi bila kufungua macho.

Mpima Macho alijifunika kanga mabegani, akaanza kufungua vifungo vya mlango. Vilikuwa vingi, na unyevu ulikuwa umevikaza, na Shangazi alimhimiza kutoka nyuma kana kwamba hema linazama. Hatimaye akatoka, akazunguka kuifuata sauti, upande ule ambao Fundi alisema kuna siafu.

Siafu hawakuwepo. Palikuwa na pindo la hema, na pindo lile, mahali pa Fundi, lilikuwa limekatwa na kuingia ndani kuliko meno mengine yote, kama jino lililong'oka. Chini yake ilitokeza miguu miwili kuanzia usawa wa magoti, na nyayo zake zilikuwa zimeingizwa ndani ya ndoo kubwa iliyolazwa ubavu. Mvua iliipiga ndoo kwa furaha. Ndani yake, katika soksi za kijivu, vidole vya miguu vilikuwa vinasuguana kwa baridi.

Mpima Macho alisimama pale mvua ikimnyeshea. Alitazama ukubwa wa kipande kilichokosekana, akakumbuka ukubwa wa kile alichokipapasa usiku. Hakuhitaji futi.

"Nini hiyo?" Shangazi alifika, akaona, akashika kiuno. "Jamani, njooni! Njooni muone! Ndugu yangu anaanguliwa!"

Nahodha alikuja mbio, na Ramani akatoka akiwa na ramani kichwani kujikinga mvua, kwa mara ya kwanza ikiwa na faida. Ndani ya hema kulisikika mtu akijifanya amelala.

"Toka, tumekuona," alisema Shangazi. "Miguu iko huku."

"Miguu ipi?" ilijibu sauti ya Fundi.

"Hii yenye soksi iliyotoboka. Mshona nguo mzima!"

Miguu ilijiondoa ndani ya ndoo kwa heshima, ikapotea ndani. Baada ya vifungo kadhaa Fundi akatokea, miwani ikiwa imeingia ukungu, akasimama mbele yao kama mwanafunzi aliyekutwa akitoroka dirishani.

"Baba," Nahodha alisema polepole, "uliniahidi hutakata kipande cha mama."

"Sijakikata. Nenda kakitazame. Hakijaguswa na mkasi hata kidogo, nimefumua pindo tu, nikaunga mbele yake. Kipande cha mama yako kipo chote, hadi ule mshono wake alioushona yeye, uliopinda, aliokataa nisiufumue. Nilichokata ni changu."

Nahodha aliondoka. Wakamsikia akichuchumaa upande wa bwawa, na wakajua anapitisha kidole kwenye mshono. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, ila mvua ilimsaidia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia. Ukilia wewe shangazi yako analia. Nami nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza."

"Lakini baba," aliuliza Ramani, ambaye alipenda mambo yafuate njia, "si ungenunua tu turubai jipya?"

"Rangi hii haitengenezwi tena. Ya mwisho ndiyo niliyokukatia wewe, na hukunishukuru. Nimezunguka maduka yote, wananionyesha ya bluu. Niunge bluu? Hema lote lionekane kama kaptula ya shule iliyotiwa kiraka makalioni?"

Mpima Macho aliinama, akaiokota ndoo, akamwaga maji yaliyokuwa yameingia ndani.

"Umezidisha," alisema. "Hata nikijinyoosha wote, panabaki nafasi."

"Panabaki?" Fundi alishtuka kwa dhati, kwa kuwa hapa iliguswa kazi yake. "Haiwezekani. Nilikupima kwa jicho, mara nyingi, pale dukani kwako. Na jana nimehakikisha." Akavua miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, akaivaa tena, mambo yakawa mabaya zaidi. "Basi ni hii miwani yako. Tangu unipe, kila kilicho chako nakiona kikubwa."

"Lenzi zile ni sahihi. Nilizipima mwenyewe."

"Basi ni mimi."

"Basi ni wewe," alisema Mpima Macho, na alishindwa kuzuia tabasamu.

"Shangazi," Nahodha alisema, akiwa bado anamtazama yule mgeni mrefu aliyeshika ndoo, "kwani nikisema mama mdogo nitakosea?"

"Mama mdogo gani, mrefu hivi?" alisema Shangazi. "Lakini tusubiri. Sufuria bado iko jikoni. Haya, bibi wewe, tumelowa wote. Tukirudi ni mbali, mimi nina kifua. Sema sasa hivi, mbele ya mashahidi na mbele ya ndoo."

Fundi alifungua kinywa kusema kwamba jibu ni la tukirudi, kisha akakifunga. Wale wapiga kambi wa mahema ya kung'aa walikuwa wamechungulia, na yule kijana wa koti la tembo alikuwa ametoa kichwa kizima mvuani.

Mpima Macho alinyooka. Alinyooka urefu wake wote, bila kupunguza hata kidogo mabegani kama alivyozoea mbele za watu, akawatazama mmoja mmoja, na kwa Fundi akakaa zaidi.

"Sikieni basi, nisije nikarudia," alitangaza. "Nimekubali kuolewa. Tukifika mjini tutapitia dukani kabla ya kwenda kwa yeyote kupeleka habari, tutanunua turubai la bluu, na mahali pa Fundi patarudishwa hadi kisiginoni, kiraka kionekane hata kutoka ng'ambo ya bwawa. Humu ndani hakuna atakayejikunja, si mimi wala si yeye. Na ndoo hii, kuanzia leo, ni ya maji."